Siku Tuliyogeuza Madawati

Walimu wenzangu, siku nilipokabidhi funguo za maabara mliniomba niwaandikie namna nilivyokuwa natumia teknolojia darasani. Mwalimu wa Kemia akaongeza kwamba ingefaa niandike kwa vipengele, moja hadi kumi, ili mbandike ukutani ofisini. Nimejaribu. Nilifika kipengele cha tatu nikakwama, kwa sababu kila nikiandika kipengele sura ya mtu inanijia, na huyo mtu hakubali kukaa kwenye mstari mmoja. Basi nimeamua kuwasimulia tangu mwanzo. Ukuta wenu utafute mapambo mengine.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, Korogwe. Babu yangu alitoka Songea akaja kukata mkonge, asirudi tena. Baba alizaliwa kambini, na mimi pia. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa kufundisha Biolojia katika sekondari moja ya Handeni. Kwa basi si mbali na kwetu, lakini mama alinifungashia kama mtu anayehamia nchi nyingine: ndoo, mkeka, unga, jiko la mkaa, na blauzi mbili nyeupe ambazo, kwa maneno yake, zingenifanya nionekane mwalimu hata kabla sijafungua mdomo.

Blauzi ya kwanza iliharibika siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi.

Ofisini nilipokewa na Mwalimu Singano, mwalimu wa Jiografia, Msambaa wa Kwashemshi, mwembamba, mwenye kalamu tatu kifuani ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuziazima. Alinitambulisha kwa walimu wote, kisha akanipeleka pembeni, kwenye meza iliyofunikwa magazeti.

"Bado mmoja," alisema. "Msalimie na huyu."

Akafunua magazeti. Ilikuwa mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, ina tumbo la duara na mpini pembeni.

"Huyu hachelewi kazini wala haombi ruhusa," Singano alisema. "Ila ana tabia ya kutema."

Nikashika mpini, nikazungusha kwa nguvu zote za ujana wangu, na mashine ikanitemea wino kuanzia kola mpaka kiunoni. Walimu wakacheka hadi mkuu wa shule akachungulia mlangoni. Singano hakucheka. Alinipa kitambaa akasema, "Vizuri. Umeshasajiliwa."

Ninyi mliozoea kubonyeza kitufe karatasi ikatoka, hamuwezi kuijua raha ya stensili. Ilikuwa karatasi laini yenye nta. Uliitia kwenye taipureta, ukaondoa utepe wa wino, ukagonga herufi zikatoboa nta. Ukikosea, ulipaka dawa nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha, ukapuliza ikakauka, ukagonga tena. Michoro ulichora kwa kalamu ya sindano, ukiwa umeshika pumzi, maana mkono ukitetemeka umechana karatasi nzima na umerudi mwanzo. Nilichora moyo wa binadamu mara nne. Wa tano ulikubali.

Asubuhi iliyofuata niliingia darasani na nakala arobaini na tano. Wanafunzi walizinusa kwanza. Kisha kila mmoja akawa na moyo wake mezani, wenye vyumba vinne na mishale ya damu, badala ya kukodolea macho ubaoni na kuchora kitu kilichofanana na kiazi. Nilitoka pale nikitembea kwa madaha. Nikamwonyesha Singano nakala moja, nikisubiri sifa.

Aliiangalia sana. "Mchoro mzuri," alisema. "Sasa niambie. Bila mashine ungetumia muda gani kuchora huu ubaoni?"

"Dakika ishirini, mwalimu."

"Na leo hizo dakika ishirini umezifanyia nini?"

Ukweli ni kwamba nilizitumia kuzunguka darasani nikifurahia nakala zangu.

"Mashine imekupa dakika ishirini," alisema. "Zitumie kwa mtoto. Ukikosa cha kuzifanyia, afadhali urudi kwenye chaki yako."

Mafunzo yote niliyohudhuria baadaye, yale ya ukumbini yenye soda na vyeti, hayakunipa kitu kilichozidi maneno yale.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Korogwe, milimani, upande uleule wa Kwashemshi. Singano alikuwa amestaafu na kurudi kwao kulima maharage, kwa hiyo tukawa majirani. Na huko ndiko nilikokutana na kompyuta yangu ya kwanza. Ililetwa shuleni na wageni kabla umeme haujafika. Ikawekwa ofisini kwa mkuu wa shule, ikafunikwa kitambaa kilichotariziwa maua, na kwa karibu miaka miwili kazi yake ilikuwa kuonyeshwa. Mgeni akija, kitambaa kilifunuliwa, mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, kitambaa kikarudishwa.

Singano alikuja kuiona siku moja, kofia mkononi.

"Inafanya nini?" aliniuliza.

"Inasubiri umeme, mwalimu."

"Aa," alisema. "Basi haina tofauti na watumishi wengine wa serikali."

Jenereta ilipopatikana tuliruhusiwa kuigusa, kwa saa moja tu kwa siku, mikono ikiwa imeoshwa. Nilijifunza kuchapa. Nikatunga mtihani wote wa majaribio wa kidato cha nne, kurasa sita, nikaupenda sana. Jenereta ikakohoa mara moja, ikazima. Ilipowaka tena, kurasa sita zilikuwa hazipo. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi huhifadhiwa. Nilidhani kompyuta ina kumbukumbu kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema. Niliuandika upya wote kwa mkono, kwenye stensili, huku nimenuna. Tangu siku hiyo nahifadhi baada ya kila sentensi. Mkinicheka nikichapa, mjue sababu.

Sasa nije kwenye shule yangu ya mwisho, hii yenu, tena Handeni, upande wa Kwamsisi, maana hapa ndipo yalipotokea yaliyonifanya nikatae vipengele, hata kama wengine wenu mlikuwapo.

Umeme ulifika tukiwa na mitihani ya ndani, hakuna aliyesahihisha chochote siku hiyo. Miezi michache baadaye mhitimu wetu mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja kusalimia, akatuachia projekta iliyotumika. Nilikuwa mwanamke mzima, wajukuu wawili, miguu inauma nikipanda ngazi, lakini usiku mzima niliwaza ukuta. Picha inayotembea! Damu inayosukumwa kweli, vali inayofunguka na kufunga, watoto waione!

Asubuhi nikagundua tatizo. Ukuta wa mbele wa darasa la kidato cha pili ulikuwa na ubao tu, mweusi kutoka pembe hadi pembe. Ukuta mweupe ulikuwa wa nyuma, uliopakwa rangi likizo ile.

"Simameni," niliwaambia wanafunzi. "Geuzeni madawati."

Kulikuwa na kelele za kutosha kuangusha bati. Madawati yakageuka, na waliokuwa mbele wakajikuta nyuma. Waliokuwa nyuma, wale wenzangu na mimi wa kusinzia, wakajikuta pua zao ziko ukutani. Miongoni mwao alikuwa Hadija.

Nieleze Hadija alikuwa nani wakati ule, yaani tulivyomjua. Binti wa kijiji cha jirani, mrefu, mkimya, anayetembea saa nzima kuja shule. Alikuwa anarudia kidato cha pili, na akishindwa upimaji wa kitaifa mara ya pili, shule ingeishia hapo. Daftari lake lilikuwa na makosa ya ajabu. Kitabu alikisoma akiwa amekiweka puani. Wenzake walisema Hadija ananusa maneno, na sisi walimu tuliona ni mbwembwe za kuficha uvivu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilimkamata ananakili jaribio kutoka kwa jirani yake. Alikuwa amenakili mpaka maswali. Nilimwambia, "Hata swali unaiba?" darasa likacheka, nikamchapa fimbo mbili za mkononi. Naliandika hili kwa sababu nimeahidi kusimulia yote.

Basi tukafunika madirisha kwa magunia, nikawasha. Moyo ukatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, ukaanza kudunda. Darasa zima likapiga ukelele. Mwalimu wa Historia alikuja mbio akidhani nyoka ameingia. Nilipokwisha kuwatuliza nikasimamisha picha, pembeni yake pakiwa na maelezo marefu kwa herufi kubwa, nikauliza nani atatusomea.

Kabla sijachagua mtu, sauti ikaanza kusoma. Sauti nzuri, imenyooka, Kiingereza chake kisafi, haikwami. Ilisoma sentensi ya kwanza, ya pili, ikashuka mpaka chini kabisa, mpaka majina ya mishipa. Nilitazama kila uso mbele yangu nikashindwa kujua ni nani. Kisha nikaona watoto wote wamegeuka kumtazama Hadija.

Alikuwa amesimama, mkono mmoja umegusa ukuta.

"Hadija," nilisema, "kumbe unajua kusoma hivi?"

"Ndiyo, madamu."

"Na siku zote ubaoni hunisomei kwa nini?"

Akasita. "Ubaoni kuna maandishi?"

Watoto wawili watatu walicheka, wakaacha wenyewe. Nikaondoa gunia moja dirishani, nikamwongoza hadi katikati ya darasa, nikamgeuza kuelekea ubao, ambako tarehe na somo nilikuwa nimeandika asubuhi kwa mkono wangu.

"Unaona nini pale?"

"Cheusi," alisema. "Huwa nasikia chaki tu, madamu. Nikisikia chaki najua unaandika, halafu naangalia kwa Mwajuma."

Mwajuma ndiye jirani yake, yule aliyenakiliwa. Alikuwa analia tayari.

Nimefanya makosa mengi kazini, mengine nimeyasahau kwa makusudi. Hili sikutaka nilisahau. Nilizima projekta, nikafungua na dirisha jingine ili anione vizuri kadiri alivyoweza, na mbele ya darasa lote nikamwambia, "Hadija, nilikuchapa kwa kosa ambalo si lako. Kosa ni langu. Naomba unisamehe."

Mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi mbele ya wenzake halikuwa jambo la kawaida shuleni kwetu. Hadija alinitazama kama mtu asiyejua aelekeze wapi macho. "Hapana neno, madamu," alisema. "Ila naomba haya madawati yasirudishwe."

Hayakurudishwa. Kwa kipindi changu, mpaka nastaafu, darasa lile lilikaa limegeuka, walimu wakaandika kwenye ubao wa kubebeka tuliouegemeza ukuta ule mweupe.

Mchana huohuo nilimwita mama yake. Alikuja siku ya pili, kwa baiskeli, khanga imefungwa kiunoni, na kabla sijasema aliniwahi.

"Shikamoo mwalimu. Najua ulichoniitia. Mtoto hana kichwa cha shule. Nimeshaongea na fundi cherehani Handeni mjini, atampokea mwezi ujao."

"Marahaba. Cherehani amewahi kujaribu?"

"Likizo iliyopita. Fundi alisema mvivu, hata uzi kwenye sindano hawezi kutunga. Lakini atazoea."

"Mama Hadija," nilisema, "uzi hauoni. Ubao hauoni. Hana uvivu, ana tatizo la macho."

Alikaa kwenye benchi taratibu. Akaanza kukumbuka kwa sauti: namna mtoto alivyokuwa akimwaga maji kisimani, namna alivyopita watu njiani bila kuwasalimu mpaka akaitwa mwenye dharau. "Nimempiga kwa ajili ya shikamoo," alisema. "Kumbe hawaoni." Tukatazamana, mimi na yeye. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumhukumu mwenzake.

Daktari wa macho wa hospitali alimpima, akampa miwani mizito, akatueleza bila kutuficha: miwani itasaidia, haitatosha. Alituandikia barua yenye maneno "uoni hafifu". Niliisoma barua ile ndani ya basi mara tatu, na mnisamehe, nilikuwa na furaha. Ugonjwa si wa kufurahia. Lakini uvivu haukuwa na barua wala dawa. Hili lilikuwa na jina, na kitu chenye jina mtu unaweza kukianzia kazi.

Nikaanza kazi. Simu yangu ilikuwa na kamera nzuri. Niliinunua ili niwaone wajukuu. Nikampa Hadija aupige picha ubao, aivute kwa vidole viwili mpaka herufi iwe kubwa kama kucha. Siku ya kwanza alivuta herufi moja tu, herufi A, ikajaa kioo kizima, akaiangalia, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Tulianza na Biolojia. Wiki iliyofuata alikuwa nayo hata kwenye Hisabati na Jiografia. Wiki ya tatu mkuu wa shule akaniita.

Mkuu wetu alikuwa mtu mwema mwenye kuziheshimu sana taratibu.

"Mwalimu Komba, simu kwa mwanafunzi ni marufuku. Unajua."

"Simu si yake, mkuu. Ni yangu. Yeye anasomea tu."

"Akipigiwa darasani?"

"Atapigiwa na nani? Na wajukuu wangu?"

Hakucheka. Aligongagonga meza kwa kalamu. "Wengine watasema, mbona Hadija ana simu. Nitawajibu nini?"

"Waambie Hadija ana macho ya betri. Mwenye macho ya nyama atumie ya nyama."

Alifikiri. Hatimaye akasema, "Toa laini. Simu isiyo na laini ni kamera. Kamera haijakatazwa popote." Na mtu huyohuyo wa taratibu akachukua daftari la vifaa vya shule, akaandika kwa mkono wake: kamera moja, mtumiaji Hadija. Mimi nikarudi kwenye kitochi changu cha zamani, simu ya vitufe, na wajukuu wakalalamika kwamba bibi kapotea.

Mtihani ulipokaribia ndipo nilipoona shimo tulilokuwa tumelichimba wenyewe. Simu haiingii chumba cha mtihani, iwe na laini au isiwe nayo, na hapo hakuna daftari la vifaa litakalokuokoa. Hadija alikuwa anaongoza darasani katika Biolojia, lakini karatasi ya mtihani ina maandishi madogo, na kwa miwani peke yake angefika swali la tano wakati wenzake wanakusanya. Karatasi za maandishi makubwa zipo, kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Huombwa mapema, wakati wa usajili. Usajili ulikuwa umekwisha kabla hatujageuza madawati.

Tulikwenda ofisi ya elimu, mimi na mkuu, juu ya bodaboda moja, yeye katikati ameshika bahasha kifuani. Ofisa alitusikiliza, akaisoma barua ya daktari, akasema majina yameshakwenda. Anaweza kuandika maombi ya pekee, lakini hawezi kutuahidi. Aliandika palepale tukiwa tunamwangalia. Kisha tukasubiri. Wiki zikapita, hakuna jibu. Hadija hakuuliza. Mama yake naye hakuuliza, ila kila Ijumaa alileta mihogo ofisini kwangu, akaiweka, akaondoka.

Wakati wa kusubiri tulijiandaa kwa yote mawili. Mwajuma alimsomea maswali ya zamani kwa sauti, Hadija akajibu huku anatazama pembeni. Mimi nilimfundisha kuchagua: pitia karatasi, tafuta maswali mafupi, anza nayo, usiifukuze karatasi nzima. Tulikuwa tunajiandaa kupigana na mkono mmoja.

Asubuhi ya mtihani walimu hatukuruhusiwa kusogea. Nilisimama kwenye kibaraza cha ofisi, mbali, nikijifanya nasahihisha madaftari yaliyokwisha kusahihishwa. Niliona watoto wanaingia. Kupitia madirisha niliona msimamizi anainua bahasha juu ili waone imefungwa, anaikata. Akagawa karatasi. Alipofika kwa Hadija akapita, hakumpa. Akarudi mezani, akachukua bahasha nyingine, ndogo, peke yake, akaikata pia. Kilichotoka humo kilikuwa kikubwa mno hata kutoka kibarazani nilikitambua. Karatasi pana, ilifunika dawati zima.

Nilimgeukia mkuu wa shule. Alikuwa anaangalia upande mwingine, anajipangusa uso kwa leso.

Hadija alitoka nje wa pili. Wa pili katika darasa zima! Alikuja moja kwa moja kibarazani, akinikaribia mpaka akahakikisha ni mimi.

"Madamu, nimemaliza. Nimerudia na kuhakiki."

"Ilikuwaje?"

"Maswali yalikuwa makubwa," alisema, akaanza kucheka, "mpaka niliona aibu kuyakosa."

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, Biolojia akiwa na alama ya juu kuliko wote shuleni. Mama yake hakuniletea mihogo. Alikuja na kuku, nikamkatalia, tukabishana njiani watu wakitupita, na mwisho wake nilikula kuku.

Alipoingia kidato cha tatu akachagua sayansi. Walimu wawili walinijia, wakasema kwa upole kwamba mtoto huyu atapata shida na vitendo, mambo ya maabara ni ya macho. Hawakuwa na ubaya. Waliogopa kwa niaba yake. Kwa bahati mwaka huo, ambao ulikuwa wangu wa mwisho, tukapata hadubini moja iliyokarabatiwa. Moja, kwa wanafunzi hamsini na mbili. Kwa kawaida hupangwa foleni, kila mmoja anachungulia kidogo, na wa mwisho anakuta kengele imelia. Hadija angechungulia asione kitu.

Nilichukua ndala iliyokatika, nikatoboa soli yake tundu moja, chini likashika lenzi ya kuchungulia ya hadubini, juu likapokea jicho la kamera ya simu. Waya kutoka kwenye simu ukaingia projekta. Nilijaribu nikiwa peke yangu maabara, na ilipokubali nilipiga vigelegele, mlinzi akaja kuuliza kama kuna harusi.

Kwa somo lenyewe nilikuwa nimeloweka majani makavu katika maji ya bwawa, siku tano, mpaka yakanuka. Ukiweka tone lake kwenye kioo na nyuzi chache za pamba ili kupunguza mwendo, unapata viumbe wa seli moja, wale wenye umbo la soli ya kiatu. Tukafunika madirisha kwa magunia. Ukuta ukajaa. Walikuwa wengi, wanakimbia, wanagongana na nyuzi, wanarudi kinyumenyume. Watoto walikuwa wanawapa majina. Nikaanza kueleza, kwa fimbo yangu ya kuonyeshea, jinsi wanavyokula, jinsi wanavyojisogeza.

"Madamu," Hadija alisema. Alikuwa dawati la kwanza, uso karibu na ukuta, miwani juu ya kichwa. "Yule wa pembeni ana kiuno."

"Hawana kiuno, Hadija."

"Huyu anacho."

Wenzake wakatafuta. Hawakumwona, walikuwa wanafuata wale wanaokimbia. Nikasogeza kioo polepole, nikavuta picha. Alikuwa ametulia kwenye uzi wa pamba, mnene kuliko wenzake, na katikati, kweli, alikuwa amebanwa, kama amefungwa mkanda. Nikaacha kueleza. Niliweka tone la maji pembeni ya kioo lisikauke, nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

Mkanda ukazidi kukaza. Kengele ya mapumziko ikalia, hakuna aliyeinuka. Nje tulisikia madarasa mengine yanatoka, sahani zinagongana, mtu anapita anaimba. Ndani watu hamsini na tatu walikuwa wanamtazama kiumbe mmoja. Pande zake mbili zikaanza kuvutana, huku na huku, zimeshikwa na uzi mwembamba kabisa wa mwili wake, ukarefuka, ukarefuka tena.

"Unakatika," alinong'ona Hadija. "Unakatika. Umekatika!"

Sijui nani alianza kupiga kelele. Watoto walikuwa juu ya madawati. Mwajuma alikuwa amemkumbatia mtu, na huyo mtu nadhani alikuwa mimi. Ukutani, mmoja aliondoka kwenda kulia, mwingine akabaki kidogo, akajigeuza, akaenda zake kushoto.

"Wamekuwa wawili, madamu! Umeona?"

Nilimwambia ndiyo, nimeona. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimechora mgawanyiko ule kwa chaki na stensili, hatua ya kwanza, mshale, hatua ya pili, nikausahihisha kwenye mitihani isiyohesabika. Kwa macho yangu mwenyewe, ile ilikuwa mara ya kwanza.